Kimya cha darasa si kipimo cha nidhamu

KATIKA shule nyingi za msingi nchini Kenya, mwalimu anapotoka darasani kwa dakika chache, kiranja hubaki na kipande cha karatasi na kalamu. Kazi yake ni moja tu: kuandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu anaporejea, orodha husomwa na waliotajwa huadhibiwa. Ni nadra kwa yeyote kuulizwa alikuwa akisema nini, au kama alikuwa akimweleza mwenzake hesabu iliyomshinda.

Orodha hiyo ilishamiri katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, na imevuka salama hadi katika Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. Hapo ndipo penye tatizo. Kazi anazofanya mtoto darasani zimebadilika, lakini kanuni anayopewa kuhusu mwenendo wake ni ile ile ya babu zake: nyamaza, keti, tazama mbele.

Mtaala huo umetaja umilisi wa aina saba ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata, na wa kwanza katika orodha ni mawasiliano na ushirikiano. Mtoto hawezi kujifunza kushirikiana akiwa amefunga mdomo. Hata hivyo, mwalimu anapowagawa wanafunzi katika makundi bila kuwaeleza wazungumze kwa sauti ya kiasi gani, nani aanze, na wafanye nini wakikwama, mambo huvurugika upesi. Wawili hufanya kazi, mmoja hulala, wengine husimulia mechi ya jana. Mwalimu hupandwa na hasira, huyavunja makundi na kurudi ubaoni. Wanafunzi huondoka wakidhani wamekosa adabu, ilhali hawakuwa wameambiwa adabu ya kazi ile ni ipi.

Chimbuko la hali hii ni la miaka mingi. Chini ya kanuni za nidhamu za mwaka wa 1972, kiboko kilikuwa adhabu iliyowekewa masharti. Si kila mwalimu aliyeruhusiwa kukishika. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 1999 na shirika la Human Rights Watch ilionyesha kuwa masharti hayo yalipuuzwa na kwamba kuchapwa lilikuwa jambo la kila siku. Mwaka wa 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikaongeza makali: anayemwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kiakili anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili.

Sheria ilieleza bayana yale ambayo mwalimu hapaswi kufanya. Alichopaswa kufanya badala yake kiliachiwa busara yake, na mara nyingi kikafupishwa kwa neno moja, ushauri-nasaha. Ushauri-nasaha ni jambo jema, ila humfaa mtoto ambaye tayari ana tatizo. Haumsaidii mwalimu anayeingia saa mbili asubuhi katika darasa la watoto 60 akitaka wafanye jaribio la sayansi bila kuumizana. Isitoshe, miaka miwili baada ya marufuku hayo, yaani Januari 2003, elimu ya msingi bila malipo ilileta zaidi ya watoto milioni moja wapya shuleni. Fimbo iliondoka, umati ukaingia, na mbinu ya kuuongoza haikufika.

Nchini Marekani, Randy Sprick na wenzake walipendekeza katika miaka ya 1990 utaratibu uitwao CHAMPS, ambao ungali unatumika katika shule nyingi za huko. Kabla ya kila shughuli, mwalimu huwaeleza wanafunzi mambo machache: kama wanaruhusiwa kuzungumza na na nani, wataombaje msaada, kazi yenyewe ni ipi, wanaweza kuondoka mahali pao kwa sababu gani, na ushiriki wao utaonekana kwa ishara zipi. Majibu hubadilika kulingana na kazi. Wakati wa mtihani, mazungumzo ni sufuri. Katika kazi ya makundi, anayenyamaza ndiye mkosaji.

Utaratibu huo hauwezi kubebwa mzimamzima na kutuliwa Kenya. Katika shule ambako watoto watatu hubanana kwenye dawati moja, aliye katikati hawezi kutoka bila mwenzake kuinuka. Kwa hivyo kanuni ya kutembea darasani lazima itungwe kwa kutazama dawati hilo: pengine anayeketi ukingoni ndiye atakayewachukulia wenzake vitabu, na watabadilishana nafasi kila wiki. Kuinua mkono kuomba msaada nako hakufai sana pale mwalimu mmoja ana makundi kumi. Afadhali kundi likubaliane kuulizana kwanza, na likishindwa limtume mjumbe mmoja.

Somo la kilimo linaonyesha vizuri zaidi kwa nini kanuni moja haitoshi. Darasa linapotoka kwenda shambani, jembe hushikwa vipi njiani? Umbali gani uachwe kati ya mlimaji na mwenzake? Filimbi ikilia, jembe huwekwa chini makali yakielekea wapi? Agizo la "tulieni" halijibu hata swali moja kati ya hayo, na kosa hapa huishia kwa jeraha la mguu.

Hali ni ngumu zaidi katika sekondari ya msingi, iliyoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi. Mtoto wa miaka 12 aliyezoea walimu wachache sasa hukutana na mwalimu mpya takriban kila kipindi. Mmoja huruhusu wanafunzi kujibu bila kuinua mkono, wa pili huona huo ni ufidhuli, wa tatu hubadilika kulingana na siku. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, lakini udongo huu unafinyangwa na mikono kumi isiyokubaliana. Walimu wa Gredi ya 7 wa shule moja wakiketi alasiri moja na kuafikiana kuhusu ishara ya kunyamazisha darasa na viwango viwili au vitatu vya sauti, watakuwa wamefanya kazi isiyohitaji shilingi wala waraka wa wizara.

Walimu wakuu nao wana deni. Wengi bado hupita kwenye veranda wakipima kazi ya mwalimu kwa masikio: darasa kimya ni zuri, lenye vuma la sauti limemshinda mwenyewe. Mwalimu chipukizi, hasa aliye katika mkataba wa muda na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), hawezi kuthubutu kuwapa wanafunzi kazi ya makundi ikiwa anajua atahukumiwa hivyo. Mkuu angeingia ndani na kumuuliza mtoto yeyote jambo moja: sasa hivi mnatakiwa kufanya nini? Akijibiwa sawasawa, vuma hilo lina maana.

Kuna walimu wanaosema hawana nafasi ya maelezo hayo kwa kuwa silabasi ni ndefu. Kipindi cha sekondari ya msingi ni dakika 40, na kwa siku kuna vipindi vinane. Darasa linalopoteza dakika tano katika kila kipindi likisubiri watu watulie hupoteza dakika 40 kila siku, sawa na somo zima. Maelezo ya kabla ya shughuli huchukua dakika moja au mbili katika majuma ya kwanza ya muhula, kisha hupungua kadiri watoto wanavyoyazoea. Baada ya likizo huhitaji kurudiwa, kwa sababu watoto husahau.