Neno la Mwezi Huu: "Damp"



Mwezi huu twalitazama neno dogo la Kiingereza, "damp". Nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka sawasawa huitwa hivyo. Sisi husema ni mbichi. Ukuta uliopandwa na maji ya ardhi huitwa hivyo pia. Nasi husema una unyevu. Hapo mwanafunzi hudhani amekwisha kulijua.

Lakini Mwingereza akiambiwa auonyeshe moto neno hilo, hachukui maji: huupunguzia hewa, upate kuwaka polepole. Na katika machimbo ya makaa ya mawe, "firedamp" si unyevu wa namna yo yote. Ni hewa itokayo katika makaa, isiyo na rangi wala harufu. Ikikutana na mwali wa taa hulipuka kama baruti. Tarehe 25 Mei 1812 ililipuka machimboni Felling, Uingereza, wakafa wanaume na wavulana 92. Misiba kama huo ndiyo iliyomfanya Humphry Davy aitengeneze taa yake ya wachimbaji mwaka 1815.

Sababu ni kwamba zamani "damp" lilikuwa mvuke, kama "Dampf" la Kijerumani lilivyo hata leo. Maana ya unyevu ilifuata baadaye, nao wachimbaji wakaishika ile ya kale.

Basi, mwalimu, kabla hujalifasiri neno, tazama limekaa pamoja na maneno gani. Mtoto aliyefundishwa maana moja tu ataisoma habari ya Felling akidhani watu wale walikufa maji.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.