Kazi ya programu ijaribiwe kabla ya kukusanywa

Ndugu Mhariri,

Mtaala wa elimu ya sekondari wa mwaka 2023 unalo somo la Sayansi ya Kompyuta, hivyo shule za Simiyu zinazolifundisha, kuanzia Bariadi hadi Meatu, zinahitaji utaratibu makini wa kukusanya na kupima kazi za wanafunzi.

Programu, yaani mfululizo wa maelekezo ambayo kompyuta huyatekeleza hatua kwa hatua, haithibitiki kuwa sahihi kwa kutoa jibu moja lililotarajiwa. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kukokotoa malipo ya mkulima wa pamba anaweza kujaribu kilo 100 kwa bei ya shilingi 1,000, akapata 100,000 na kuridhika, ilhali programu hiyohiyo, ikiwa inatunza uzito kama namba kamili isiyo na desimali, huenda ikazihesabu kilo 87.5 kuwa 87 na kumpunja mkulima shilingi 500. Ndiyo maana majaribio yanapaswa kugusa pia thamani za mpakani, kama sifuri, na data batili, kama uzito hasi au herufi.

Inafaa, basi, kila kazi iambatane na jedwali la majaribio, linaloonyesha data iliyoingizwa, jibu lililotarajiwa na lililopatikana, na mwanafunzi aiendeshe programu yake kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuikabidhi, kwani programu inayotegemea faili lililobaki kwenye mashine yake itamkwamisha msahihishaji. Jedwali hilo nalo likipewa alama, mwanafunzi atazoea kulisaka kosa mwenyewe badala ya kusubiri mwalimu alione.

Msomaji,
Bariadi, Simiyu