Aliyekimbia risasi asiadhibiwe kama aliyeiba

Siku ya Mungu iliyopita nilienda kwenye kiwanja cha kambi moja ya wakimbizi wa ndani, pembeni ya Bunia. Nilidhani nitaangalia mpira, kumbe nikakuta ugomvi. Timu moja ya watoto wa chini ya miaka 15 ilikuwa imefukuzwa katika mashindano ya kambi. Kosa lao ni kwamba hawakufika uwanjani siku ya mechi yao. Sababu ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo risasi zililia karibu na bloki yao, wazazi wakawachukua watoto wakakimbia nao, wakarudi kesho yake jioni.

Komite ilisoma sheria yake: timu isiyofika inapoteza mechi kwa mabao 3-0, tena inaondolewa. Papa mmoja wa komite aliniambia, "Mwandishi, sheria ni sheria." Pembeni yake mtoto mmoja alikuwa amesimama na viatu mkononi. Hakusema kitu.

Wasikilizaji kadhaa wameniuliza ninawaza nini juu ya jambo hili. Kwanza niseme wazi kwamba sipigani na komite. Wanafanya kazi bila mshahara, na mpira usio na sheria unageuka kuwa ngumi. Lakini jambo hili limekwisha kutokea kwa wakubwa, kwenye viwanja vya dunia nzima, na tunaweza kujifunza kwao.

Tarehe 8 Januari 2010, timu ya taifa ya Togo ilikuwa ndani ya basi, ikienda kucheza Kombe la Afrika nchini Angola. Ilipoingia Cabinda ikitokea upande wa Kongo-Brazzaville, watu wenye silaha wakaishambulia. Kocha msaidizi na msemaji wa timu waliuawa. Kipa Kodjovi Obilalé aliumizwa vibaya, na hakurudi tena kwenye mpira kama zamani. Serikali ya Togo ikaita wachezaji warudi nyumbani kuomboleza. Mwisho wa mwezi huohuo, Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, likaifungia Togo isicheze Kombe la Afrika mara mbili zinazofuata. Sababu yake: serikali imeingilia mambo ya mpira.

Sheria hiyo ipo kweli, na ina maana yake. Waziri hapaswi kuipangia timu. Lakini hapa watu walikuwa wametoka kuzika wenzao. Sheria iliyotungwa kuzuia wanasiasa iliangukia waliofiwa.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Julai, kule Johannesburg, Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, mpira ukawa unaingia golini, na Luis Suárez akauzuia kwa mikono. Refa alifanya kama sheria inavyosema: kadi nyekundu na penalti. Asamoah Gyan akapiga mwamba. Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti, ikaenda nusu fainali. Suárez alikosa mechi moja tu, kisha akarudi uwanjani.

Najua kesi hizi mbili zilihukumiwa na vyombo tofauti, kwa sheria tofauti. Hata hivyo ziweke pamoja uone. Mmoja alivunja sheria kwa kupenda, timu yake ikafaidika, akapewa mechi moja. Wengine walikimbia kifo, hawakupata faida yoyote, wakapewa mashindano mawili. Mizani ya namna hiyo haiwezi kuitwa haki.

Mtu asifikiri ninataka makosa yasamehewe yote. Sisi Wakongomani tunayo kesi yetu wenyewe, na inauma. Mwaka 2011, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, na miezi michache nyuma ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Ikaitoa Simba ya Tanzania katika Ligi ya Mabingwa. Simba ikalalamika kwamba mchezaji Janvier Besala Bokungu hakuwa na haki ya kuichezea Mazembe. CAF ikakubali, na Mazembe ikatolewa. Simba na Wydad Casablanca wakapewa mechi ya kugombea nafasi ile, Wydad ikashinda, ikaenda mpaka fainali.

Wakati ule niliona uchungu kama wengi wetu, na tulisema tumeonewa. Leo ninaona tofauti. Kuhakikisha kartasi za mchezaji ni kazi ya klabu, na klabu haikukimbia risasi. Tena kulikuwa na upande uliodhurika, yaani Simba. Adhabu ilikuwa kali, lakini ilimpata aliyekuwa na uwezo wa kuepuka kosa.

Hilo ndilo ningependa komite iangalie. Kabla ya kuadhibu, iulize: aliyekosa, alikuwa na njia nyingine? Je, alipata faida? Watoto wale hawakuwa na njia nyingine, na hawakupata faida yoyote. Walilala nje.

Papa wa komite alinipa jibu moja lenye nguvu: tukikubali sababu hii, kesho kila timu itakayochelewa itasema imesikia risasi. Ni kweli, uongo upo. Lakini katika kambi hakuna siri ya namna hiyo. Muulize mkuu wa bloki, waulize majirani, kwa saa moja utajua nani alikimbia na nani alilala. Refa naye huangalia kwanza ndipo apige filimbi.

Tena kubadili adhabu si aibu. Mwezi wa Mei 2010, baada ya FIFA kuingia katikati, CAF iliondoa kifungo cha Togo. Mwaka 2013 Togo ikafika robo fainali ya Kombe la Afrika. Adhabu ile ingebaki, wasingekuwepo.

Ombi langu kwa komite ni dogo. Mechi ile ichezwe, hata siku ya kazi jioni. Na kwenye ile kartasi ya sheria uongezwe mstari mmoja: timu iliyozuiwa na vita haihesabiwi kuwa imekataa kucheza. Watoto hawa tayari wamepoteza nyumba, shamba na shule kwa sababu ya risasi. Mpira usiwe kitu cha nne.