Pongo Katika Shamba la Mtumishi

Yeyote anayelima shamba dogo kati ya Sangasanga na Changarawe, huku chini ya milima ya Uluguru, anaijua sauti ile. Jua likishazama hubweka kitu kichakani, mara moja au mbili, kwa sauti nzito kama ya mbwa mzee, na mgeni huuliza ni mbwa wa nani aliyepotea. Si mbwa. Ni pongo, ambaye wengine humwita mbawala, ameshtushwa na harufu ya mtu. Asubuhi yake mwenye shamba hukuta vichwa vya maharage vimekatwa, na maneno huanza.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Katika maongezi yetu sisi watumishi wa umma, walimu na makarani wenye ekari moja au mbili za kujikimu pale Mzumbe, dawa ya pongo imekuwa ni moja tu: waya. Hutafutwa waya wa breki ya baiskeli, hufungwa kitanzi, hutegwa njiani anamopita mnyama, na baada ya siku mbili tatu mazungumzo hugeuka kuwa ya mchuzi. Nasema wazi kwamba jambo hili ni kosa, tena ni kosa letu wenye mishahara kuliko la mtu mwingine yeyote.

Kwanza tunamhukumu mnyama tusiyemjua. Vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya vimetuzoesha habari za mnyama mwenye pembe za matawi, ambaye mfasiri kwa kukosa neno humwita kulungu au paa. Mnyama yule si wa asili ya nchi yetu, wala ya nchi yoyote iliyo kusini ya Sahara. Yeye huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Pongo dume hukaa na pembe zake mbili za kujisokota mpaka kufa, na jike hana pembe kabisa. Mwalimu wa Uluguru hana haja ya kuazima picha ya Ulaya ili kuwafundisha watoto habari za mnyama anayebweka nyuma ya darasa lao.

Pongo huishi peke yake. Hatembei makundi kama swala pala wa Mikumi. Hupenda kichaka kizito karibu na maji, hutoka jioni na alfajiri, hula majani na machipukizi. Anayefukua mihogo na kulaza mabua ya mahindi chini ni nguruwe mwitu. Anayeondoka na mahindi mabichi mkononi mchana kweupe ni nyani au tumbili. Lakini nguruwe ni mkali, na nyani ni mjanja, basi hesabu yote huandikwa kwa pongo, ambaye hunaswa kwa urahisi na ambaye nyama yake ni tamu.

Msimu mmoja niliamua kuipima hasara yangu kwa haki, nikifuata nyayo kila asubuhi. Hasara ya pongo ilikuwa matuta manne ya maharage yaliyopakana na korongo, na kunde kidogo. Sehemu nyingine zote zilizoharibika zilikuwa na alama za nguruwe. Ndipo nilipojiuliza swali ambalo lilipaswa kuja mwanzo: maharage yangu yalifika lini kwenye ukingo wa korongo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nimewafundisha wengine sheria hiyo, nami nimelima mpaka ukingoni. Vichaka hivyo ni makazi ya pongo, na ndivyo vinavyoshika udongo usiporomoke na kwenda kujaza bwawa la Mindu ambalo watu wa mji wa Morogoro hunywa maji yake. Hapana shaka ni mimi niliyemwendea pongo.

Maharage nimeyasogeza karibu na nyumba. Upande wa korongo nimeacha kichaka kiote, kisha nikajenga wigo wa miti na miiba, nikiuziba hasa chini, maana pongo hujaribu kupenya kabla ya kufikiria kuruka. Kazi hiyo ilichukua siku zangu za mapumziko kwa mwezi mzima, na mikono ilichubuka. Sikusema kwamba ni kazi rahisi. Nguruwe bado ananisumbua.

Waya hauchagui. Huweza kukamata mbwa wa jirani, mbuzi na ndama. Mtu aliyezoea kutega bondeni hupanda nao mlimani, na huko juu, katika msitu uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008, anaishi minde, mnyama mweusi mwenye haya ambaye duniani kote hapatikani nje ya Tanzania.

Na nani mnunuzi wa nyama inayoletwa usiku mlango wa nyuma, imefungwa katika mfuko wa rambo? Mkulima asiye na fedha? Tusidanganyane. Mnunuzi ni sisi, tunaopokea mshahara mwisho wa mwezi na kusahihisha insha za watoto kuhusu uhifadhi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inajulikana, na tangu zitungwe kanuni za mwaka 2020 mabucha ya nyamapori yameruhusiwa kwa leseni. Anayetamani kitoweo hicho anayo njia halali.

Lakini nisingependa maneno haya yatumiwe kumkandamiza mkulima wa Mlali au Mgeta, ambaye shamba ndilo mshahara wake. Amri tupu hazikufaa Uluguru. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa matuta wa serikali ya kikoloni, na ukavunjika. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zilitungwa kwa ajili ya madhara ya wanyama wa hatari, na pongo si mnyama wa hatari. Mama aliyepoteza kunde zake kwa pongo hana dirisha la kuuliza. Anachohitaji ni bwana shamba na bwana nyama wafike pamoja shambani kwake, wamwonyeshe nyayo ni za nani, wamsaidie kupanga wigo wa ujirani unaozunguka mashamba kumi badala ya moja. Waje kabla ya masika, wakati miti ya wigo inapokatwa, wasingoje maharage yatoe maua.