Siri ya Chanzo Isiwe Siri ya Tuhuma

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa raia haki ambazo hapo awali hakuwa nazo kwa maandishi: kujua ni nani anayeshika taarifa zake, kuziona, kudai zisahihishwe pale zinapokosewa, na kupeleka malalamiko mbele ya Tume. Ni sheria njema, na walioipigania wanastahili pongezi. Hata hivyo, msomaji makini asiishie kwenye kurasa za haki. Afike hadi kwenye misamaha. Humo, pamoja na usalama wa taifa, uzuiaji wa uhalifu, ukwepaji wa kodi na ubadhirifu wa fedha za umma, umewekwa pia uchunguzi wa mtu kwa ajili ya kuteuliwa kushika nafasi katika utumishi wa umma. Yaani upekuzi.

Nasema waziwazi tangu mwanzo: msamaha huo ni mpana kupita kiasi, na unapaswa kurekebishwa. Dola ina haki ya kumpekua mtu inayetaka kumkabidhi siri, fedha na mamlaka yake. Haina haki ya kumkataa mtu huyo kwa jalada ambalo yeye mwenyewe hatajua kamwe limesema nini. Aliyetoa taarifa anaweza kubaki sirini. Tuhuma yenyewe haipaswi kubaki sirini kwa mtuhumiwa.

Upekuzi, popote duniani, hugusa mambo ya ndani kabisa ya mwanadamu: wazazi wake walizaliwa wapi, ana ndugu gani nje ya nchi, anadaiwa nini, anaishi vipi na jirani zake, amewahi kushitakiwa au la. Mengi ya hayo hayapatikani katika rejista yoyote. Hupatikana kwa kuuliza watu. Na watu, kama tunavyojua sote tuliokulia katika mitaa yenye majirani, husema wayajuayo, wayadhaniayo, na wakati mwingine wayatamaniayo. Mjumbe mwenye kinyongo cha mpaka wa shamba naye ni chanzo. Mfanyakazi mwenzako anayeitaka nafasi hiyo hiyo naye ni chanzo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika upekuzi, asiyekuwapo ni yule yule anayezungumzwa.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tuutazame Mkoa wa Tabora na njia kongwe ya misafara inayopita hapo. Kutoka Bagamoyo, njia ile ilipanda hadi Unyanyembe, ikashuka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Haikubeba pembe za ndovu na vitambaa tu. Ilibeba watu, wengine kwa hiari yao na wengine wakiwa minyororoni. Wanyamwezi walishuka pwani wakiwa wapagazi. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga matembe Kwihara na Tabora. Wamanyema walivuka ziwa, wakaweka makazi Ujiji na Tabora, wakazaa, wakazikwa hapo. Karne moja baadaye, mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta wakimbizi wengi, na baadhi yao wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora. Kutoka Ulyankulu na makazi mengine mawili ya Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000 wamepewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014.

Sasa mchukue kijana wa Ujiji au wa mitaa ya kale ya Tabora, mwenye shahada, anayetarajia kupewa nafasi nyeti serikalini. Anaulizwa: babu yako alizaliwa wapi? Katika ukanda huu wote, jibu la kweli la familia nyingi mno ni kwamba babu alitoka kwingine, au hakuna ajuaye kwa hakika, kwa sababu enzi hizo vizazi vya Waafrika wengi havikusajiliwa. Kisheria swali hilo huenda lisiwe na uzito wowote. Kwa kawaida, mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961, ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa pia Tanganyika, alikuwa raia siku ya uhuru, hata kama babu zake wote walivuka ziwa kwa mitumbwi. Lakini mtu akiandika jaladani sentensi moja tu, kwamba “asili ya familia ina utata”, kijana hatapata nafasi ya kueleza sheria hiyo, kwa sababu hatajua kwamba sentensi hiyo imeandikwa. Atasubiri. Mwenzake atateuliwa. Yeye atadhani hakufaa, au atadhani amerogwa. Watu wa Kigoma wamelalamika hadharani kwa miaka mingi kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa lafudhi na kwa majina tu. Malalamiko ya namna hiyo hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa maadamu jalada limefungwa.

Atakayesema kwamba natunga hofu na akumbuke mwaka 2001. Mwezi Februari mwaka huo, Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mtu aliyekuwa amekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, hakuwa raia wa Tanzania. Wengine kadhaa walitangazwa pamoja naye, akiwamo Balozi Timothy Bandora. Baadaye Ulimwengu alipewa uraia wa tajnisi. Jiulize: mtu wa namna hiyo, aliyepita katika nyadhifa zote hizo, faili lake lilikuwa likisema nini miaka yote? Ama upekuzi haukuona kitu, na basi thamani yake ni ndogo, ama uliona na ukanyamaza hadi siku ilipofaa kusema. Majibu yote mawili yanatisha, na la pili linatisha zaidi, kwa maana taarifa inayowekwa bila mhusika kuijua ni silaha inayosubiri mkono wa kuitumia.

Na akumbuke pia tarehe 22 Machi 2018. Siku hiyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Anudo dhidi ya Tanzania. Mahakama iliona kwamba mlalamikaji alivuliwa uraia kiholela na hakupewa nafasi ya kusikilizwa, na ikaweka msingi kwamba mtu aliyetambuliwa kuwa raia akija kukanushwa, mzigo wa kuthibitisha ni wa dola. Hebu tuupeleke msingi huo kwenye upekuzi. Mzigo wa kuthibitisha una maana gani ikiwa upande mmoja haujui kwamba kuna shauri?

Tabora ina sababu nyingine ya kutajwa. Chuo chake cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kimetoa vizazi vya makatibu na watunza kumbukumbu wa Serikali. Waliosoma hapo wanajua tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri, na wanajua kwamba jalada huishi maisha marefu kuliko aliyeliandika. Mtumishi anahama kutoka Nzega kwenda Songea, na jalada linamfuata. Mkuu aliyeandika neno baya amekwisha kustaafu, pengine amekufa, lakini neno lake bado linaamua nani apandishwe na nani abaki.

Serikali yenyewe iliwahi kukiri ubaya wa jambo hili. Kwa miaka mingi utendaji wa mtumishi ulipimwa kwa taarifa ya siri: mkuu anaandika, aliyeandikwa haoni. Mwaka 2004 ukaanzishwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake wakatakiwa kukubaliana malengo, kuketi pamoja, kutia saini pamoja. Mfumo ule ulikuwa na udhaifu wake, na watumishi wanaousoma ukurasa huu wanaujua kuliko mimi. Lakini kanuni iliyokuwa nyuma yake ni sahihi: neno linaloamua riziki ya mtu lisemwe mbele yake. Kwa nini kanuni hiyo ikubalike katika tathmini ya kazi, ambayo hukosesha nyongeza ya mshahara, ikataliwe katika upekuzi, ambao hukosesha mtu nafasi kabisa?

Linalosikitisha zaidi ni kwamba usiri wetu hauna uthabiti. Mwezi Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na majina yao yakachapishwa magazetini nchi nzima ikasoma. Ule haukuwa upekuzi wa usalama, na sitetei kughushi. Lakini milango ya rufaa ilifunguliwa majina yakiwa tayari mikononi mwa kila msomaji, na kwa aliyekuwa na haki yake heshima ilikuwa imekwisha kwenda. Tazama basi kinyume hiki: taarifa za mtumishi zinaweza kufichwa asizione mwenyewe, na zinaweza kuanikwa zionwe na wote. Katika hali zote mbili mtu mmoja tu hakuulizwa kitu, naye ni mwenye taarifa.

Najua majibu yatakayokuja. Watasema kwamba tukifungua majalada, watoa taarifa watakimbia. Sijaomba watoa taarifa watajwe. Mtu anaweza kuambiwa, “Inadaiwa kwamba hukutaja mkopo wako,” au “Kuna shaka juu ya mahali alipozaliwa mama yako,” bila kutajiwa aliyesema. Watasema kwamba mambo ya usalama hayana rufaa. Uingereza, ambayo haijulikani kwa kuanika siri zake, iliunda mwaka 1997 jopo la rufaa kwa watumishi wanaonyimwa kibali cha usalama. Kanada iliweka njia ya malalamiko kwa waliokataliwa katika sheria yake ya idara ya ujasusi ya mwaka 1984. Jirani zetu Wakenya, walipoamua mwaka 2011 kuwapekua majaji na mahakimu wote, waliandika sheria, wakaunda bodi, na aliyekataliwa alipewa sababu. Dola hizo hazijaanguka.

Watasema pia kwamba uteuzi ni hisani, hakuna mwenye haki ya cheo. Katiba yetu haisemi hivyo. Ibara ya 22 inampa kila raia fursa sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika nafasi yoyote chini ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 16 inalinda faragha. Ibara ya 13(6) inadai mtu asikilizwe kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Hakuna aliyeahidiwa cheo, lakini kila mmoja ameahidiwa mizani iliyo sawa.

Hoja ya mwisho ya wakubwa ni usalama wenyewe, na hapo ndipo wanapojichanganya zaidi. Mwaka 2015 Marekani iligundua kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika ofisi ya usimamizi wa watumishi wa serikali na kuchukua kumbukumbu za upekuzi za watu milioni 21.5, pamoja na alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Majina ya ndugu, madeni, maradhi, yote yakaenda. Fundisho lake ni jepesi. Ghala la siri za watumishi ni hatari kwa dola yenyewe, na kadiri linavyokuwa kubwa na kukosa mkaguzi ndivyo linavyomvutia adui. Msamaha wa jumla, ukisomwa kwa upana, humpunguzia mhusika haki na pia humpunguzia mtunzaji wajibu: wa kukusanya kinachohitajika tu, wa kukilinda, wa kukiteketeza muda wake ukiisha.

Mambo manne, basi, yanahitaji kuandikwa katika sheria au kanuni. Mosi, anayepekuliwa ajulishwe kwamba upekuzi umefanyika na matokeo yake ni nini, ndani ya muda maalumu. Wabunge wamehoji mara kadhaa watumishi kukaimu nafasi muda mrefu, na kusubiri upekuzi ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Pili, akikataliwa aelezwe kiini cha tuhuma na apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi, na jibu lake likae katika jalada hilo hilo. Tatu, kiwepo chombo huru cha rufaa chenye mamlaka ya kuliona jalada lote, chanzo kikiwamo, hata pale ambapo mhusika haruhusiwi. Nne, uwekwe ukomo wa umri wa taarifa: tetesi ya miaka ishirini iliyopita isiendelee kumfunga mtu ambaye hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Kwenye njia ile kuu ya Unyanyembe, mpagazi alikuwa na maisha magumu, lakini aliujua mzigo wake. Aliuinua, akaupima begani, na ulipozidi aliweza kubisha kabla msafara haujaondoka. Mtumishi wetu wa leo, mwenye shahada mbili na kiapo cha utii, amebebeshwa furushi asiloruhusiwa hata kuuliza lina nini. Wabunge wanaweza kuirekebisha sheria hii kwa kifungu kimoja. Wanafunzi wa sheria, wanaharakati, nanyi watumishi mnaozijua masjala kwa ndani, andikeni maoni, pelekeni hoja kwa Tume na kwa kamati za Bunge, na mdai kifungu hicho kwa kukitaja kwa jina.