Mwari mwenye tende naye ana haki ya hina



Mfunguo Mosi umeingia na kadi za harusi zinatufikia kila siku. Leo lakini hatuzungumzii shela wala singo. Tunazungumzia mguu.

Mmeshaona nyote. Siku ya hina mwari anakalishwa mkekani, anaambiwa anyooshe miguu, na mmoja umevimba kwa matende. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Shangazi anakimbilia kanga amfunike. Pembeni watu wanaulizana kama mume anajua. Na wapo, tena watu wa darsa, wasiotaka kukaa alipokaa yeye.

Tumechoka. Matende hayaambukizwi kwa mkeka, kanga wala kandambili. Si uchawi, si maradhi ya zinaa, na mama hamrithishi mwanawe. Ni minyoo inayoletwa na mbu, hawa hawa wanaozaliana kwenye makaro na mitaro yetu ya maji machafu. Inaharibu mishipa ya limfu, mguu unavimba. Tangu 2001 Unguja na Pemba tumekuwa tukigaiwa dawa za kingatiba, na zimesaidia sana. Lakini mguu ulioharibika zamani haurudi ulivyokuwa kwa vidonge hivyo, na mwenye nao anaendelea kuishi nao. Ataishi vipi? Hilo kwa sehemu kubwa liko mikononi mwetu.

Maana kinachomlaza mtu kitandani, homa, baridi na mtoki, huja pale vijidudu vinapoingia kwenye nyufa za ngozi, hasa kati ya vidole. Kinga yake ni kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri, kuuinua ukikaa, na kuvaa viatu visivyobana. Sisi tunaosha miguu mara tano kwa siku, tena tumefundishwa kupitisha kidole kati ya vidole tukitia udhu! Kilichobaki ni sabuni na kitambaa safi cha kukaushia.

Sasa tazameni aibu yetu inavyofanya kazi. Mwenye kuficha mguu haoshi mbele za watu. Siku ya harusi anabanwa na viatu vilivyonunuliwa kwa ajili ya picha, anakaa jukwaani saa nne mguu ukining'inia. Keshoye yuko kitandani na homa, na mawifi wanasema tuliwaambia.

Mtatujibu kwamba mume ana haki ya kujua. Naam, na aambiwe mapema, kabla ya posa kujibiwa, na mwari mwenyewe au walii wake. Si kwa minong'ono ya mkekani. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat imetutaja wanawake mahsusi katika kukataza dharau, na hatujui nani kati yetu anajidai haijamfikia.

Nanyi wapambaji, piko la dukani msilipake kabisa kwenye ngozi yenye nyufa. Hina muulizeni mwenyewe kama anaitaka mguuni. Akikataa, mchoreni mikono mpaka viwikoni, mletee mto wa kuinulia mguu, na abaki hapo hapo mbele alipokaa.