MTUMISHI AJIFUNZAYE KWA KUTAZAMA

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu wafaa pia katika kazi za kompyuta. Yuko karani ambaye kila jioni huingia katika mashine ya mbali. Huulizwa jina, akajibu. Huulizwa neno la siri, akajibu. Kisha huamuru faili za siku zinakiliwe. Maswali ni yale yale na majibu ni yale yale. Siku akiugua, kazi husimama, kwa maana daftari lake ni kichwa chake.

Ili kuondoa taabu kama hiyo, Don Libes wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani alitunga programu iitwayo Expect, iliyotangazwa mwaka 1990. Maana ya jina hilo ni kutarajia. Programu hiyo hungoja mashine iulize, kisha hujibu badala ya mtu. Pamoja nayo yuko mwenzake, autoexpect, asiyemtaka karani ajue kutunga programu. Karani hufanya kazi yake kama ilivyo desturi, naye humtazama kimya. Kazi ikiisha, faili iitwayo script.exp imekwisha andikwa: ngoja swali hili, tuma jibu hili, hata mwisho.

Lakini mtumishi huyu ni mwaminifu kupita kiasi. Afanana na msichana aliyejifunza kupika pilau kwa kumtazama bibi yake, akaandika hata kwamba mvua ilikuwa ikinyesha. Siku ya jua akaketi kuingoja mvua kabla ya kubandika sufuria! Mashine nyingi humwonyesha mtu tarehe na saa alipoingia mara ya mwisho. Autoexpect huinakili tarehe hiyo, na kesho yake huingoja ile ile, wala haitarudi. Tena, kwa kuwa faili hiyo huamriwa kungoja bila kikomo, kazi hukwama usiku kucha, na asubuhi hakuna nakala. Dawa yake ni kufuta tarehe na kubakiza maneno ya mwisho ya swali. Au tangu mwanzo kutumia alama ya -p, ili utazamwe mstari wa mwisho tu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni neno la siri. Ingawa halikuonekana kwenye kioo, vidole vililichapa. Kwa hiyo limo katika faili, wazi kwa yeyote aifunguaye. Yafaa liondolewe, na mahali pake iwekwe amri ya kumwuliza mwenyewe. Kwa kazi za usiku, ambapo hakuna wa kuulizwa, ni heri kutumia ufunguo wa SSH. Kisha faili ijaribiwe kwa siku mbili tofauti, karani akiwapo, kabla ya kuaminiwa peke yake.

Daftari hulinda mali. Lakini daftari lenye siri za nyumba haliachwi barazani.